Nilivyowatabiria Mwewe Ubingwa

Mgeni alibisha hodi tukiwa mezani, mimi na dada yangu Mwanahawa. Mgeni huyo alivaa beji ya Ofisi ya Utabiri.

"Wewe ndiye uliyetangaza kwamba Mwewe watachukua ubingwa wa kikapu?" aliniuliza. "Mtambo wetu wa kutabiri umeshatoa matokeo ya msimu mzima. Mwewe ni wa mwisho."

"Msimu wenyewe haujaanza, kaka."

"Sheria unaijua. Anayeupinga Mtambo haingii uwanjani mpaka msimu uishe. Futa tu, dada, yaishe."

Mwanahawa, nahodha wa Mwewe, aliacha kula. Goti lake lilikuwa limechoka, na huu ulikuwa msimu wake wa mwisho. Alikuwa ameniomba awepo japo mtu mmoja wa kuwatabiria ushindi, nami nikamwahidi.

"Futa, Shani," alininong'oneza. "Nataka nikuone jukwaani."

"Si uliniomba mwenyewe?"

"Sikujua watakuja kweli."

Nilitamani kufuta. Sikuwa nimewahi kukosa mchezo wake hata mmoja tangu tukiwa shule.

"Mwewe watachukua ubingwa," nikamwambia mgeni. "Na kwenye fainali Mwanahawa atafunga pointi thelathini."

Alibonyeza kifaa chake, akanifungia milango yote ya uwanja. Kisha akatuaga kwa upole na kurudi moja kwa moja kwenye gari lake. Katika mtaa mzima hakuwa na nyumba nyingine ya kubisha hodi.