Bipu za Mwenye Bucha

Mwenye bucha alimbipu mkewe. Simu ikalia mara moja, akakata, akaitazama huku akipuliza vidole.

Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa umejifunga nyuma yake, na kitasa cha ndani kilikufa zamani. Mkata nyama wake alipomwomba akitengeneze, alimjibu, "Kwani hawa ng'ombe watataka kutoka?"

Sasa aliyetaka kutoka ni yeye, kasimama katikati ya mapaja yanayoning'inia, na shati la mikono mifupi. Bucha lilishafungwa. Hakuna wa kufungua mpaka asubuhi, na kwa baridi ile, asubuhi ilikuwa mbali.

Salio alikuwa nalo tele. Ila kwake salio lilikuwa la kutunzwa, si la kutumiwa. Mtu akibipiwa, kazi yake ni kupiga. Ndivyo alivyowazoesha wote. Na ole wako uipokee bipu yake! Shemeji yake aliwahi kupokea kwa bahati mbaya, wakanuniana mwaka mzima.

Akambipu shemeji. Kimya. Akambipu mkata nyama. Kimya. Akambipu tena mkewe. Ukaingia ujumbe: "Baba watoto, shida zako zingoje. Ukija, njoo na sabuni."

"Sabuni!" alifoka, mvuke ukimtoka kinywani.

Alitaka kumjibu, lakini vidole vilishakufa ganzi, haviwezi tena kuandika. Masikio hayasikii hata yakifinywa. Ndipo lilipomjia wazo la kutisha: akifa, lile salio atamwachia nani?

Akafumba macho kama anayemeza dawa chungu, akapiga. Safari hii hakukata. Simu ikaita mpaka ikachoka yenyewe. Akapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Moyo ulimuuma, lakini akapiga mara ya tatu.

Ikapokewa. Machozi yakamlenga.

"Ma... ma... ma..." Meno yaligongana, neno likagoma kutoka.

"Mwizi mkubwa we!" mkewe alimkatiza. "Simu ya mume wangu umeiiba wapi? Huyo tangu anioe hajawahi kunipigia ikafika mlio wa pili! Ndugu zake wote nimeshawaonya wasikupokee, na laini naifungisha sasa hivi!"