Waya wa Shaba

Fundi Tshiamala, ambaye hutukana kila mashini kama shemeji yake, leo hakutukana. Mezani ulilala msumeno mdogo wa injini, wa kukatia matawi juu mitini. Jumatatu ulimuua mkata miti mwenye nao akiwa juu ya mkaratusi.

"Fungua, tata," mjane wake alisema. "Bandugu ya bwana banasema mi njo nilimuloga. Kama ni mashini, ubaambie."

Akafungua. Buji ilitoa cheche vizuri, lakini freni ya kuzuia mnyororo haikushika. Mahali pa springi palikuwa na waya wa shaba, umelegea. Ni yeye fundi aliyeufunga, akimtania marehemu: "Panda tu, utanizika wewe!"

"Unaona nini, tata?"

Alifuta mikono polepole, kidole kwa kidole.

"Baite bandugu ya bwana, mama. Bote bakuye hapa."