Kucha Ukutani

Alama za kucha zilikuwa zimeongezeka. Opoka alizikuta aliporudi kazini, chini kabisa ya ukuta wa udongo wa jiko lao katika kambi ya polisi Naguru, kama za mtu anayetambaa.

Alimjua mwenye kucha. Wakati wa vita Opoka alipita kando ya maiti porini bila kuifunika hata kwa jani, na kwao Acholi maiti uliyoinyima jani hukufuata hadi nyumbani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sasa mzimu ulikuwa umefika, na ulikuwa ukimnyonya mkewe.

Adyero alikuwa amepauka midomo. Akipanda kilima na ndoo ya maji husimama akihema, akisema masikioni anasikia ngoma. Ngoma za nani, kama si za wafu? Faraja ya Opoka ilikuwa Goretti, binti yao mdogo, mtoto mpole ajabu. Ukimkalisha jikoni asubuhi, jioni utamkuta papo hapo, amesinzia.

Siku Adyero alipoanguka, Opoka alikimbilia mbuzi wa tambiko. Filda, jirani yao muuguzi, alimfunua mgonjwa kope la chini. Ndani kulikuwa na weupe wa posho, ule ugali wa mahindi.

“Wewe nakula udongo?”

Adyero akaona haya. “Kidogo, sista.”

“Afande, hapa hakuna mzimu. Damu ndiyo iko kidogo. Mtu akikosa damu, roho yake nataka udongo.”

Opoka alicheka hadi machozi yakamtoka. Miaka yote hiyo ameibeba maiti bure! Mbuzi alichinjwa vilevile, ini akala mgonjwa, na vidonge vya Filda juu yake. Haukupita muda mrefu, Adyero akawa anapanda kilima akiimba.

Opoka akakanda udongo ili azibe mashimo ya kucha ukutani. “Mama Goretti,” akatania, “siku nyingine ukisikia njaa, niachie nyumba.”

Adyero hakucheka. “Baba Goretti, mimi nilikuwa nanunua udongo pale sokoni Nakivubo. Hii ukuta mimi sijagusa.”

Opoka akageuka kuutazama ukuta. Hakuna shimo lililopita goti lake, na mengine yalikuwa mapya.

Chini ya ukuta Goretti alikuwa amesinzia, vumbi jekundu midomoni. Opoka akapiga magoti, akamfunua kope.