Bega la Kulia

Damu ilikuwa ukutani, na mtu alikuwa amejaribu kuifuta kwa kitambaa chenye maji. Kivuva aliiona, kisha akamgeukia mgonjwa wake. Mtaalamu wa tiba ya viungo huanza na mwili.

"Bega gani, mama?"

"La kulia," Florence alisema. "Likikaza, siwezi hata kuinua sufuria."

Misuli ilikuwa migumu kuanzia shingoni hadi chini ya kwapa. Vidole vilikuwa vimechubuka. Kwenye kochi mumewe Allan, mchuuzi wa ng'ombe katika soko la Bisil, alikaa wima kama mlingoti, amejifunika shuka hadi kidevuni ingawa Kitengela ilikuwa inaungua kwa jua. Kivuva alimsalimia. Allan hakugeuza hata shingo.

"Achana na huyo," Florence alisema. "Wanaume wa kwao wanatahiriwa bila kupepesa jicho. Hatakuambia kitu."

Langoni, jirani yao Nyakio alimshika Kivuva mkono. "Daktari, Jumamosi ikifika hapo ni vita. Polisi wamekuja mara mbili, wanaambiwa ng'ombe alipiga teke. Mwaka huu tutazika mtu."

Kivuva alijua takwimu za nyumba kama hiyo. Hakutaka Florence aingie humo.

Basi akamfundisha uani, mbele ya zulia lililoanikwa kwenye kamba, mpini wa ufagio mkononi.

"Unakazana bure. Shusha mabega. Panua miguu. Kiuno kigeuke kwanza, mkono utafuata wenyewe. Toa pumzi unapopiga. Tena!"

Vumbi likaruka. Zulia likapasuka katikati.

"Na akikujia," Kivuva alinong'ona, "usikakamae. Fanya hivyo hivyo."

Florence alicheka hadi akafuta machozi. "Aki daktari, miaka yote nilikuwa najiumiza tu!"

Wiki ya tatu bega lilikuwa laini. Jumamosi hiyo Nyakio akapiga simu akilia.

Kivuva alisikia mapigo kutoka barabarani: mazito, yenye mpangilio, pumzi ikitoka kwa kila moja. Akavunja mlango kwa teke.

Allan alikuwa sakafuni, taya limepinda, jicho moja limefumba, damu ikitoka sikioni. Florence alisimama juu yake, miguu imepanuka, mabega yameshuka, rungu mkononi. Hakuwa hata akihema.

Amejitetea, Kivuva aliwaza. Hatimaye.

Akamnyang'anya rungu, akapiga magoti kando ya yule mwanamume. "Leo umekutana na mwenzako, bwana," akamwambia.

Kwa mara ya kwanza Allan akamtazama. Alitema jino, kisha akasema polepole, bila kupepesa:

"Kabla hujaja, daktari, alikuwa anachoka haraka."