Kiganja cha Kaka

Rosella alipompaka kaka yake rangi nyekundu kiganjani, kaka alishtuka kama aliyeguswa na moto.

Ukuta wa duka lao, huku Montana, Marekani, ulikuwa umejaa mchoro wa nyati mmoja mwenye nundu, mkubwa kama lori. Kila aliyekubali nyati wa porini warudishiwe malisho ya kaskazini aligonga kiganja chake chenye rangi ubavuni mwa mchoro huo. Nafasi ya moyoni mwa nyati Rosella alimwekea kaka, mjumbe wa baraza la kabila lao, aliyelipigania jambo hilo kuliko wote.

"Inakuwasha?"

"Paka tu, mdogo wangu. Watu wanasubiri."

Alikigeuzia kiganja kwenye jua. Chini ya rangi kulikuwa na mikwaruzo mibichi, mifupi, miwilimiwili. Aliijua tangu utotoni. Baba yao alirudi nayo kila alipozungusha seng'enge kwa ajili ya ng'ombe wa watu.

"Umezungusha wapi seng'enge?"

Kaka akatazama viatu vyake.

"Kaskazini?"

"Ni ng'ombe wangu wachache tu. Nyati wamengoja miaka mia na ushee, watashindwa kungoja kidogo?"

"Na jana ulikula kwangu, ukaniuliza nitamaliza lini kumchora nyati."

Kaka akaanza kuuvuta mkono. Rosella akaung'ang'ania, akaugandamiza ukutani, pale pale moyoni, mpaka rangi ikachuruzika.

Kisha akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeusi, na mbele ya foleni nzima akaanza kuchora seng'enge, kuanzia kwenye alama ya kidole gumba cha kaka yake.