Mguu Usio na Vidole

Kila asubuhi dada mtu alifungua karakana ya useremala, kampuni changa yake na mdogo wake, akapuliza vumbi mezani na kuanza kupiga msasa mguu wa bandia wa mbao. Leo simu iliita kabla hajaketi. Meneja wa hoteli alitaka viti vya ukumbi mzima, haraka.

"Dada, usikubali," mdogo wake alinong'ona. "Wewe hata mwizi akikuomba ufunguo utampa!"

Kwenye benchi, mama mmoja, mteja wao, alimpakata bintiye. Ndugu hao walikuwa wamemwahirishia mtoto huyo mguu wake mara mbili, kwanza kwa sababu ya vitanda vya watu, kisha makabati. Mguu wake mdogo wa bandia bado haukuwa na vidole.

Dada mtu akakishika kisigino cha mguu huo, akakipapasa mpaka kikapata joto la kiganja.

"Samahani, bosi," alisema kwenye simu. "Viti sitengenezi tena. Kuna mtoto hapa anasubiri kutembea."