Uso Unaofungua Mlango

Milango yote ya mjini ilitambua nyuso za kwenye picha zilizosafishwa tu, yaani zilizofutwa makovu na mikunjo. Ndiyo maana kila jioni mama yake Nyanzala, aliyeungua shavu kwa mafuta ya kukaangia samaki, alijipaka poda nzito nje ya nyumba yake mwenyewe ndipo mlango umfungulie.

Mwaka huo picha yake ilitakiwa kufanywa upya, na Nyanzala, mwanafunzi wa upigaji picha, akapewa aisafishe kama mtihani. Kovu akaliacha, mikunjo akaiacha, akaongeza mwanga kidogo shavuni ili kovu lionekane vizuri.

Mwalimu Chambuso akaitazama. "Umesahau kovu."

"Sijasahau, mwalimu. Hilo ndilo nililolipiga picha."

"Binti, hii ni sifuri. Nikiituma kwenye mfumo wa milango, leo itapita, kesho wakaguzi wa picha wataifuta. Mama yako atalala nje."

"Itume."

Jioni mama alinawa uso kwa sabuni, akasimama mlangoni bila poda. Mlango ukafunguka.

"Kumbe unanijua," akauambia, akacheka mpaka akashika kiuno.

Nyanzala akamweleza habari ya kesho. Mama hakuuliza poda iko wapi. Alikwenda uani, akarudi amekumbatia jiwe la kufulia, akalitua katikati ya kizingiti.

"Haya, jifunge sasa tuone."

Wakala wali wao wakisikiliza. Mlango ulikuwa ukiligonga jiwe taratibu, ukirudi nyuma, ukiligonga tena.